Mstari wa Kwanza ni wa Kusubiri

Mstari wa kwanza wa skripti hii ya kupanga ruta hauiambii ruta ifanye lolote. Umeandikwa `:delay 20s`, yaani ngoja sekunde 20. Ruta ya MikroTik inapofutiwa mipangilio yote na kuagizwa isome faili jipya mara tu inapoamka, huwahi kulisoma kabla redio na milango yake ya kebo haijawa tayari. Amri ya kuupa mlango wa pili anwani yake inafika wakati mlango huo haujatokea bado. Skripti inakwama papo hapo, mistari iliyobaki haisomwi, na ruta inaachwa nusu nusu: jina jipya inalo, anwani haina, na hakuna njia ya kuifikia isipokuwa kwenda ilipo na kebo mkononi.

Aliyeuandika mstari huo ni fundi wa mitandao anayehudumia wateja kutoka mji wa Migori hadi Ogwedhi. Nimekaa naye mara nyingi akiwa kazini na sijachoka kumtazama. Wanaozisifu skripti husifu kasi, kwamba ruta nyingi zinapangwa kwa muda ambao zamani ungetosha ruta moja. Kasi ipo, na ni nzuri. Kinachonifanya nivute kiti ni tahadhari anayoitia katika maandishi yake. Ukizisoma skripti zake kwa makini utaona kwamba mistari ya kubadilisha kitu ni michache. Mingi ni ya kungoja, ya kuuliza, ya kuweka nakala na ya kurudisha mambo yalivyokuwa.

Mahali penyewe panadai tahadhari hiyo. Ogwedhi iko ukingoni mwa kaunti ya Migori, inapopakana na Trans Mara ya Narok. Soko lake la mifugo huwakutanisha Wajaluo na Wamaasai na majirani zao, bei hupatanwa kwa Kiswahili, na malipo hupita kwenye simu. Lakini mahitaji ya intaneti siku hizi yamevuka simu ya mfanyabiashara. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF katika bima ya afya, kituo cha afya kinahitaji mtandao ili kumthibitisha mgonjwa. Mwalimu mkuu anasajili watahiniwa wa mitihani ya KNEC mtandaoni. Mwenye saiba anawajazia majirani fomu za eCitizen na KRA. Ruta ya kituo cha afya ikijifungia kwa sababu ya amri iliyokosewa kutoka mbali, kuna mtu kwenye benchi anayengoja, na kuna fundi atakayepanda boda kwenye barabara ya murram, masika yakiwa yamekolea, na ngazi begani.

MikroTik ni kampuni ya mjini Riga, Latvia, iliyoanzishwa mwaka 1996, na vifaa vyake vinapendwa sana na watoa huduma wadogo wa Afrika Mashariki. Anayefanya kazi vijijini haulizi kwa nini. Bei inavumilika, na ruta kama hEX hukubali umeme wa DC wa volti mbalimbali, kwa hiyo inaweza kufungwa kwenye betri ya sola pasipo stima ya laini. Mafundi wengi huanza kuzipanga kwa Winbox, programu ya madirisha na vitufe. Unabonyeza, unaandika anwani, unabonyeza tena. Ruta ya kwanza ni raha. Ikifika ya kumi macho yamechoka, na hapo ndipo 10.20.4.7 inapogeuka 10.20.7.4 bila mtu kuona, mpaka mteja apige simu.

Mwaka huu fundi huyu ana mwanafunzi, kijana aliyetoka chuo cha ufundi akiwa na hamu ya kuandika programu siku hiyo hiyo. Hakumwanzisha kwa kuandika. Alimpa ruta kuukuu isiyo na mteja, akamwambia atoe amri ya `/export`, ambayo huimwaga mipangilio ya ruta kwa maandishi. Kisha abadilishe kitu kimoja tu kwa kipanya kwenye Winbox, mathalani seva ya DNS, atoe `/export` mara ya pili, na ayaweke mafaili yote mawili sambamba kwenye kioo. Ukiacha tarehe ya juu, mstari mmoja tu wa mipangilio ulikuwa umebadilika. Kile alichokibonyeza kwa kipanya kilikuwa kimeandikwa pale kwa herufi, kinasomeka chini ya `/ip dns`: `set servers=1.1.1.1`.

"Omera, ruta yenyewe inakuonyesha inavyotaka kuandikiwa," fundi alimwambia. "Wewe iulize tu."

Kijana alishinda na zoezi hilo siku kadhaa. Kitu kimoja, nakala mbili, linganisha. Nimesoma vitabu vizito vya kufundisha kazi hii, na sioni mlango wa kuingilia ulio mzuri kuliko huu. Mwanafunzi haanzi kwa kukariri amri za mtu mwingine wala kunakili asichokielewa. Anaanza na ruta aliyonayo mkononi, akigundua mwenyewe kwamba yale madirisha yote yalikuwa njia ndefu ya kuandika sentensi fupi. Akishaijua sentensi, anaweza kuiandika mwenyewe. Akishaiandika, anaweza kuirudia.

Hatua iliyofuata ilifanywa kwa kalamu. Waliyachapisha mafaili ya ruta kadhaa za wateja, wakaketi kivulini na kuanza kupiga mistari chini ya kila neno linalotofautiana: jina la ruta, anwani yake, kasi ya mteja, nenosiri la laini yake ya PPPoE. Mengine yote yalifanana, au yalipaswa kufanana. Hapo ndipo kazi ilipojieleza. Yanayofanana yanakuwa kiolezo, yanayotofautiana yanakuwa jedwali, mteja mmoja mstari mmoja. Walikuta pia ruta zilizotofautiana mahali ambapo hapakuwa na sababu. Moja ilikuwa na seva ya saa isiyo na wenzake, nyingine ilikuwa imeacha mlango wa Telnet wazi tangu siku iliyofungwa. Kabla skripti haijaandikwa hata herufi moja, kazi ya kuiandaa ilikuwa imeshausafisha mtandao.

Majina nayo yaliwachukua muda, na nilifurahi kuona hawakuharakisha. Ruta iliyoitwa "MikroTik", kama ilivyotoka kiwandani, haina msaada katika orodha ya ruta zote zinazoitwa hivyo. Walikubaliana jina litaje mahali, kisha kazi, kisha namba: `ogwedhi-soko-01`. Kila kanuni ndani ya ruta ikapewa maelezo mafupi ya kuitambulisha. Maelezo hayo yakawa mshikio wa skripti zote zilizofuata, kwa sababu skripti haiwezi kusema "ile kanuni ya zahanati" kama hakuna mahali palipoandikwa "zahanati".

Hiki hapa ni kipande kimoja cha kazi yao, kinachomwongeza mteja kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita:

`:if ([:len [/ip firewall address-list find where comment="zahanati"]] = 0) do={`
`/ip firewall address-list add list=wateja address=10.20.4.7 comment="zahanati"`
`}`

Amri yenyewe ni ule mstari wa kati. Mstari wa juu ni swali: tafuta walioandikwa "zahanati", uwahesabu, na kama hakuna hata mmoja, ndipo uongeze. Bila swali hilo skripti ingefaa kutumika mara moja tu. Ikiendeshwa mara ya pili, ruta ingelalamika kwamba kitu hicho tayari kipo, na skripti nzima ingesimama katikati. Kwa swali lile, unaweza kuiendesha leo, uirudie kesho mtandao ukikatika katikati ya kazi, na uirudie tena wiki ijayo kwa kutaka tu uhakika. Matokeo ni yale yale. Vijijini, ambako redio hupoteza mawasiliano mvua ikinyesha na stima hupotea bila taarifa, skripti isiyorudika ni hatari. Fundi haruhusu mstari wowote wa `add` usiotanguliwa na swali lake.

Kuna elimu nyingine ambayo haimo katika lugha ya ruta yoyote, nayo ni ya mfuatano. Ukiwa umeingia kwenye ruta kwa anwani ya zamani na unataka kuipa mpya, ongeza mpya kwanza, ingia kwa hiyo mpya, ndipo uondoe ya zamani. Ukiwa unaandika kanuni za ukuta wa moto, ile inayokuruhusu wewe kuingia itangulie ile inayowazuia wengine wote, maana ruta husoma kutoka juu kwenda chini na hufuata kanuni ya kwanza inayolingana. Mambo haya ukiyasikia yanaonekana dhahiri. Katika skripti, mistari miwili ikipishana nafasi, unajifungia nje kabla hujainua kidole.

Mfuatano ninaoupenda zaidi ni ule wa umbali. Mtandao wa kufika Ogwedhi hupita kwa redio kutoka mlingoti hadi mlingoti. Ukitaka kubadilisha nenosiri la redio hizo, akili ya kawaida inakutuma uanze na iliyo karibu nawe. Ukifanya hivyo, zote zilizo ng'ambo zinabaki na nenosiri la zamani, zinakataliwa na mlingoti, na huna tena njia ya kuzifikia kuziambia lile jipya. Kwa hiyo unaanza na ya mbali kabisa. Unaipa nenosiri jipya, inapotea machoni pako, nawe unaiacha ipotee. Unasogea kwa inayofuata, nayo inapotea. Mwisho unafika kwenye mlingoti ulio karibu, unaubadilisha, na zote zinarudi kwa sababu sasa zinaongea neno moja. Jedwali la fundi limepangwa hivyo, la mbali juu na la karibu chini. Mtu asiyejua atadhani limepangwa ovyo.

Inataka moyo kuiacha ruta ipotee machoni, na moyo huo haujengwi juu ya matumaini matupu. RouterOS, mfumo unaoendesha ruta hizi, una hali ya usalama. Ukibonyeza Ctrl na X, neno `<SAFE>` linajitokeza kwenye mstari wa amri, na tangu hapo ukipotelewa na mawasiliano kabla ya kuthibitisha, ruta inayafuta mabadiliko yako yenyewe. Inaweza kuchukua kama dakika 9 kabla ruta haijatambua kwamba umekatika. Tena kumbukumbu yake hushika vitendo 100 tu vya mwisho. Ukivuka hapo, inatoka kwenye hali hiyo na haifuti chochote. Fundi huutumia mpaka huo kama kipimo cha kazi: badilisha kidogo, thibitisha, endelea.

Kwa skripti zenyewe ana njia nyingine. Kabla ya mstari wowote wa kubadilisha, skripti huhifadhi nakala kamili ya ruta, kisha humwekea mpanga ratiba wa ruta agizo la kuirudisha nakala hiyo baada ya dakika 10. Mabadiliko yakienda vizuri, fundi anaingia upya na kulifuta agizo. Yakimfungia nje, anachopaswa kufanya ni kungoja, na ruta inarudi ilivyokuwa bila mtu kupanda ngazi. Wazo hili ni mali ya mafundi wa dunia nzima. Kwenye ruta za Cisco wamezoea kuandika `reload in 10` kabla ya amri ya hatari, wakijua kwamba wakikatika itajiwasha upya na mipangilio ya zamani. Juniper wao waliliweka ndani ya mfumo wao kama `commit confirmed`, na muda wake usipotajwa ni dakika 10 vile vile. Dakika 10 za ruta kumngoja fundi, au fundi kuingoja ruta. Sijui kitu katika kazi hii kilichobuniwa kwa kumjali mtu kuliko hicho.

Saa nayo ina mambo yake. Nyingi ya ruta hizi ndogo hazina betri ya kuhifadhi saa. Stima ikikatika na kurudi, ruta huweza kuamka ikiamini ni Januari 1970, na hubaki hivyo mpaka ipate seva ya saa mtandaoni. Nakala ya kila usiku ikiandikwa wakati huo inapata tarehe isiyo na maana, na inaweza kuifunika nyingine. Ndiyo maana skripti yake ya usiku huanza kwa kuuliza mwaka. Ukiwa wa nyuma mno, inalala na kujaribu tena baadaye. Hata swali hilo limewahi kufanyiwa marekebisho: toleo la 7.10 la RouterOS, la mwaka 2023, lilibadilisha jinsi tarehe inavyoandikwa, mwaka ukatangulia siku na mwezi. Skripti zilizozoea kukata herufi tatu za kwanza zikitarajia jina la mwezi zilianza kupata tarakimu. Alizirekebisha zake zitambue mitindo yote miwili, kwa sababu si kila ruta imepandishwa toleo. Toleo la 7 pia huficha nywila ndani ya `/export` usipoiagiza izionyeshe, kwa hiyo anayeitegemea kama nakala pekee anaweza kuirudisha ruta siku ya shida akakuta laini za wateja hazina neno la kuingilia. Nywila zake ziko kwenye faili lake pekee, limefungwa, na halikai pamoja na skripti.

Faida ya haya yote ilionekana duniani mwaka 2018. Aprili ya mwaka huo MikroTik ilitoa toleo la kuziba tundu lililomwezesha mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji kupitia mlango wa Winbox. Toleo lilikuwepo, lakini ruta hazijipandishi zenyewe. Ilipofika Agosti, ruta zaidi ya laki mbili zilikuwa zimetekwa, nyingi Brazil, zikiwachimbia wezi sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya watu wasio na habari. Aliyekuwa na jedwali la ruta zake na skripti ya kuziuliza toleo alijua siku ile ile toleo lilipotoka zipi ziko wazi. Aliyekuwa akizipanga kwa mkono alihitaji kwanza kukumbuka amezifunga wapi.

Mizizi ya ufundi huu ni mirefu kuliko ruta zenyewe. Mwaka 1990 Don Libes, katika taasisi ya viwango ya Marekani, alitoa programu ya Expect, ambayo kazi yake ni kungoja neno fulani litokee kwenye kioo na kulijibu. Miaka mingi mafundi waliitumia kuongea na vifaa ambavyo havikutarajia kuongea na mwingine ila binadamu. SSH ya Tatu Ylönen, Mfini, ilikuja 1995 na kuyafunga mazungumzo hayo wasiyasikie wapita njia. Leo anayetaka kuvuka kutoka ruta moja hadi nyingi huandika Python, na maktaba ya Netmiko ya Kirk Byers inamruhusu kuingia kwenye ruta, kutoa amri na kupokea jibu kwa mistari isiyofika kumi. Ansible, iliyotoka 2012, inakwenda mbali zaidi: unaeleza hali unayoitaka nayo inatafuta kilichopungua. Huku kwetu elimu ya mitandao imepitia mikono mingi, ikiwemo KENET, inayounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti tangu 1999, na warsha za AfNOG zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na ambazo Nairobi na Dar es Salaam zimewahi kuziandaa.

Fundi wa Migori anaijua Python, na jedwali lake lote sasa linasomwa kwa hiyo. Lakini hakumpa kijana ruhusa ya kubadilisha chochote kwa wateja. Kazi yake ya kwanza ya kweli ilikuwa skripti ya kusoma tu: ipite kwenye kila ruta ya jedwali, iulize jina, toleo, na muda iliokuwa macho bila kuzimwa, kisha iandike majibu kwenye faili. Alipoileta, niliitazama nao. Ruta moja haikuwa imejibu. Skripti za wanafunzi wengi hufa hapo, au huiruka kimya kimya na kuendelea, na orodha inayotoka huonekana kamili. Ya kijana huyu ilikuwa imengoja, ikajaribu tena, ikangoja kwa muda mrefu zaidi, ikajaribu mara ya mwisho, kisha ikaandika mbele ya jina: haijajibu, na saa ilipojaribiwa.

Fundi aliisoma mistari hiyo ya kungoja mara mbili, akauliza swali moja tu, kwa nini muda wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza. "Kama ni mvua, Fundi, nimeipa nafasi ipite," kijana alijibu. Siku hiyo hiyo alimpa nenosiri la ruta za upande wa Ogwedhi, la kusoma tu, na wakaanza kupanga nani ataipandia boda ile ambayo haikujibu.